Spoku za Pikipiki: Tuzipime na Kuzikaza Kabla ya Msimu



Kila mwaka karafuu zinapokaribia kuiva, sisi wenye mashamba huanza kujitayarisha. Majamvi hutolewa yakashonwa palipotatuka, magunia hukung'utwa, sakafu za kuanikia hufagiwa, na wachumaji hutafutwa mapema kabla hawajachukuliwa na wengine. Lakini kuna chombo kimoja ambacho wengi wetu hukisahau mpaka siku kinapotuangusha, nacho ni pikipiki.

Zamani karafuu zilitoka shamba kwa vichwa vya watu na kwa migongo ya punda. Siku hizi mzigo mwingi hutoka kwa pikipiki, tena si katika barabara ya lami, bali katika njia za vilimani zenye mizizi, mawe na makorongo ya mvua. Kwa sababu hiyo wengi wetu tumenunua pikipiki za njia mbovu, zile ndefu zenye matairi ya meno na magurudumu ya spoku. Ni chombo kizuri kwa kazi yetu, lakini magurudumu yake yanataka kutazamwa.

Tumeona tulieleze jambo hili kwa urefu kwa ajili ya yaliyompata mwanachama mwenzetu mmoja msimu uliopita. Alikuwa akiteremka kilima na magunia mawili ya karafuu mbichi, Maghribi imekwisha ingia. Gurudumu la nyuma lilijikunja kama sahani ya bati iliyokanyagwa, akaanguka, na mguu wake ukavunjika mahali pawili. Karafuu zake zililala ndani ya gunia usiku kucha, na asubuhi zilikuwa zimepata moto na kuanza kupauka. Tulipolichunguza lile gurudumu tulikuta spoku saba zimekatika. Katika hizo saba, tano zilikuwa na kutu mahali pa mkato, maana yake zilikatika siku nyingi kabla ya ajali. Mbili tu ndizo zilizokatika siku ile. Mwenyewe alitwambia kwamba alikuwa akisikia kitu kinagongagonga kwa muda wa wiki mbili, akasema atakitazama karafuu zikisha.

Mwenzetu sasa anatembea, twashukuru, lakini hapandi mkarafuu tena. Spana ambayo ingemwonya ni ndogo kuliko kidole, na kazi yenyewe haichukui nusu saa.

SPOKU HUFANYA KAZI GANI

Gurudumu la spoku lina sehemu nne za kujua. Katikati kuna habu, yaani kitovu cha gurudumu, ndani yake mna beringi na kupitiwa na ekseli. Nje kuna rimu, inayokaliwa na tairi. Baina ya hivyo viwili kuna spoku zenyewe, ambazo katika pikipiki nyingi za njia mbovu ni 36, nusu yake zimeshikwa na ukingo wa kulia wa habu na nusu na ukingo wa kushoto. Na kila spoku, pale inapoingia kwenye rimu, ina nati yake ndogo ndefu, na nati hiyo ndiyo inayozungushwa ili spoku ikaze au ilegee.

Watu wengi hudhani kuwa pikipiki imesimama juu ya spoku za chini, kama nyumba ilivyosimama juu ya nguzo. Sivyo. Spoku ni waya wa chuma mwembamba. Ukiusukuma kwa ncha hupinda. Nguvu yake iko katika kuvutwa. Kila spoku huivuta rimu kuelekea kwenye habu, na kwa kuwa zote zavuta sawasawa kutoka kila upande, rimu haina pa kwenda.

Mfano wake ni kitanda cha kamba. Kamba zikiwambwa vyema, mtu mzito hulala na kitanda kikamchukua, kwa sababu uzito wake umegawiwa kwa kamba zote. Kamba zikilegea upande mmoja, kitanda hufanya shimo, na zile chache zilizobaki zimekaza huchukua uzito wa wenziwe. Hazikai sana kabla ya kukatika. Kisha hufuata nyingine, na nyingine. Wazee wetu walisema kamba hukatikia pembamba, na gurudumu ni hivyo hivyo.

Sasa tazama njiani huwa nini. Kila spoku inapofika chini, penye ardhi, mvuto wake hupungua kidogo kwa sababu ya uzito wa mzigo. Ikipanda juu hurudi kama ilivyokuwa. Gurudumu la pikipiki ya namna hii huzunguka karibu mara 500 kwa kila kilomita moja. Basi ukitoka shamba mwendo wa kilomita 6, kila spoku imepunguzwa na kurudishwa karibu mara 3,000, mbali na mashimo na mawe. Spoku iliyokazwa vizuri hustahimili, kwa kuwa mvuto wake hupungua tu, haumaliziki. Spoku iliyolegea, mvuto wake huisha kabisa, kisha hushtuliwa kwa ghafla. Huo ndio mshtuko unaoikata. Kila mmoja wetu amepata kukata waya kwa kuupinda huku na huku mkononi. Spoku iliyolegea hufanyiwa vivyo hivyo, na mara nyingi hukatika shingoni, pale inapopinda kuingia kwenye habu, au penye nyuzi za nati.

Ujuzi huu si wa jana. Mwingereza George Cayley alilifikiria gurudumu la kuvutwa kwa waya mwaka 1808. Mfaransa Eugène Meyer akatengeneza magurudumu ya baiskeli ya spoku za waya mwaka 1869, na mwaka 1874 James Starley wa Coventry akazitumia spoku zinazokatana badala ya kutoka habu kwenda rimu moja kwa moja. Kukatana kwake kuna maana. Gurudumu la nyuma huzungushwa na mnyororo kwa kupitia habu, na habu haiwezi kuizungusha rimu ila kwa spoku zilizolala upande. Ukitia moto, nusu ya spoku huvuta zaidi. Ukikamata breki, nusu ya pili huvuta. Ndiyo sababu gurudumu la nyuma, lenye kubeba mzigo, kusukumwa na kuzuiwa, ndilo hulegea spoku mapema.

Mtu atauliza, kwa nini basi tusinunue rimu za kumiminwa zisizo na spoku? Hizo ni nzuri barabarani. Lakini katika mawe, rimu ya kumiminwa ikigongwa sana huweza kupasuka, na ikipasuka haina dawa ila kutupwa. Gurudumu la spoku hunesa kidogo, na spoku moja ikiharibika hubadilishwa peke yake. Ila lina haki yake kwa mwenyewe, nayo ni kukazwa kila inapopasa.

DALILI ZA SPOKU KULEGEA

Kabla hata ya kuinua pikipiki, kuna dalili ambazo mpandaji asizipuuze:

1. Mlio wa kugongagonga au wa kukwaruza unaokwenda kwa mwendo wa gurudumu, ukizidi kasi nao unazidi.

2. Pikipiki kuyumba nyuma katika mwendo wa pole, hasa ikiwa na mzigo.

3. Kutu ya rangi ya udongo inayotoka penye tundu la nati au penye shingo ya spoku. Hiyo ni alama kwamba vyuma vinasuguana, na vyuma vilivyokaza havisuguani.

4. Tairi kutoboka kwa ndani mara kwa mara bila ya mwiba. Huenda ncha ya spoku inachoma mpira wa ndani.

Mtu akiona mojawapo ya dalili hizi, asingoje karafuu zishe.

VIFAA

Havihitajiki vifaa vingi. Cha kwanza ni spana ya spoku yenye mdomo wa saizi ya nati zako. Usiinunue kwa macho. Ichukue pikipiki dukani, uijaribu papo hapo kwenye nati. Ikae bila kucheza. Spana malaya, kama mafundi wanavyoiita, na koleo, zote mbili hutafuna kona za nati, na nati iliyoliwa kona haikazwi tena.

Cha pili ni kipande cha chaki. Cha tatu ni kijiti kilichonyooka au waya mgumu, na kamba ya kukifungia. Cha nne ni mafuta mepesi ya kulegeza kutu. Cha tano ni gogo au kreti imara ya kuinulia pikipiki mpaka gurudumu lizunguke hewani. Mwenye uwezo aweza kununua spana maalumu inayopima nguvu ya kukaza. Hiyo ni nzuri sana, lakini asiye nayo asikate tamaa; sikio lake litamfaa.

NAMNA YA KUPIMA

Osha gurudumu kwanza, kwani udongo uliokauka huficha ufa na huharibu sauti. Inua pikipiki, na uhakikishe haitaanguka. Kisha fuata mambo haya kwa utaratibu.

Kwanza, pima beringi. Shika tairi juu na chini, ulitikise kwa nguvu kushoto na kulia. Likicheza na kutoa mlio wa kok-kok kutoka kwenye habu, beringi zimekwisha, na hapana faida ya kushughulika na spoku kabla ya kuzibadilisha. Tumepata kumwona fundi akinyoosha rimu kutwa nzima kumbe kasoro ni ya beringi.

Pili, tazama kwa macho. Zungusha gurudumu polepole, ukiangalia spoku moja moja, shingo yake, nati yake, na rimu inayozunguka tundu la nati. Ufa mdogo kama unywele kwenye tundu la nati maana yake rimu imechoka, na rimu ya hivyo haiaminiwi kwa mzigo.

Tatu, pima kwa mkono. Shika spoku mbili zinazokatana, uzibane pamoja kwa vidole. Zisisogee kirahisi. Fanya hivyo mpaka umezunguka gurudumu zima. Spoku inayocheza mkononi hujionyesha papo hapo.

Nne, pima kwa sauti. Hili ndilo jambo kubwa. Chukua spana ndogo au bisibisi, uigonge kila spoku kwa wepesi, karibu na katikati yake. Spoku iliyokaza hulia ting, sauti safi inayobaki kidogo hewani. Iliyolegea hulia tup, kama kugonga nazi koroma. Mwenye kusikiliza taarabu hatapata shida hapa: spoku ni kama uzi wa udi, ukikazwa sauti hupanda, ukilegezwa hushuka. Hatutaki kila spoku ilie sawa kabisa na mwenziwe, kwani spoku za nje na za ndani ya ukingo wa habu huweza kutofautiana kidogo kwa urefu na kwa mpindo. Tunataka zile za namna moja zilingane, na isiwepo hata moja yenye sauti ya kufa. Kila unayoitilia shaka itie alama ya chaki.

Tano, pima mnyooko. Funga kile kijiti kwenye uma wa mbele, au kwenye mkono wa nyuma ukipima gurudumu la nyuma, ncha yake ikaribie ubavu wa rimu bila kuigusa. Zungusha gurudumu ukitazama nafasi iliyo baina ya ncha na rimu. Ikipanuka na kupungua, rimu inayumba ubavuni. Kisha elekeza ncha kwenye ukingo wa rimu kutoka juu, uone kama inapanda na kushuka. Vitabu vya pikipiki nyingi za namna hii vyasema kuwa kosa lisizidi milimita 2, ubavuni wala juu-chini.

NAMNA YA KUKAZA

Kabla ya kugusa nati yoyote, tia tone la mafuta mepesi pale spoku inapoingia kwenye nati, na pale nati inapoingia kwenye rimu. Acha mafuta yaingie, na ikiwa pana kutu, yaache yalale usiku kucha. Angalia sana yasidondokee kwenye sahani ya breki wala kuingia kwenye ngoma ya breki. Pikipiki yenye gurudumu zuri na breki yenye mafuta ni mauti yale yale.

Sasa, nati huzungushwa upande gani? Hapa ndipo wengi hukosea. Jaalia jicho lako liko kwenye habu likitazama rimu: hapo nati huzungushwa kinyume cha mishale ya saa ili ikaze. Jaalia jicho liko nje, upande wa tairi: hapo huzungushwa kwa kufuata mishale ya saa. Ni kitu kimoja kilichotazamwa kutoka pande mbili. Ukiwa na shaka, igonge spoku, zungusha kidogo sana, kisha igonge tena. Sauti ikipanda, unakaza. Ikishuka, unalegeza.

Anza na zile ulizozitia chaki. Ziinue polepole, robo ya mzunguko kwa mara moja, mpaka sauti ya kila moja ikaribie ya wenziwe wa namna yake. Mara nyingi kazi huishia hapa.

Ikiwa spoku zote zimelegea kidogo, kama inavyotokea kwa gurudumu jipya au baada ya msimu mzima wa mizigo, usianze na spoku moja ukaendelea na iliyo jirani mpaka mwisho. Ukifanya hivyo utakuwa unaivuta rimu upande mmoja, na utakapomaliza mzunguko utaikuta imepinda. Fanya hivi. Itie alama ya chaki spoku iliyo karibu na vali, nayo iwe namba 1. Ikaze kwa robo ya mzunguko. Ruka mbili, ukaze namba 4. Ruka mbili, ukaze namba 7. Endelea hivyo hivyo mpaka namba 34. Katika gurudumu la spoku 36 utakuwa umekaza spoku 12. Kisha anza namba 2, halafu 5, halafu 8, mpaka 35. Mwisho anza namba 3, halafu 6, mpaka 36. Sasa kila spoku imepata robo yake, na rimu imevutwa kutoka pande zote.

Kwa nini turuke mbili? Kwa kuwa katika gurudumu la kawaida spoku hupishana, moja ya kushoto na moja ya kulia. Ukirukia ya tatu yake kila mara, leo unakaza ya kushoto, inayofuata ya kulia, na rimu haipati nafasi ya kuegemea upande.

Ukimaliza, gonga tena, upime tena kwa kijiti. Ikihitajika, zunguka mara ya pili, lakini usizidishe robo. Mwenye spana ya kupimia afuate kipimo cha kitabu cha pikipiki yake mwenyewe. Vipimo hivyo hutofautiana. Kuna pikipiki ya kiasi cha Nm 2 na nusu, na kuna ya Nm 5 au 6. Kipimo cha pikipiki ya jirani si chako.

Jambo jingine: baadhi ya pikipiki za njia mbovu zina kibanio ndani ya rimu kinacholizuia tairi lisiteleze. Spoku zilizo karibu na kibanio hicho hulegea mapema kuliko nyingine. Zipime kwanza.

KUNYOOSHA RIMU INAYOYUMBA

Baada ya kukaza, rimu ikiwa bado inayumba kuzidi kiasi, yaweza kunyooshwa kwa spoku zenyewe.

Ikiwa rimu imeegemea kulia mahali fulani, maana yake spoku za ukingo wa kulia zimeshinda zile za kushoto mahali hapo. Zilegeze za kulia kidogo, na uzikaze za kushoto kwa kiasi kile kile, katika sehemu ile tu. Ikiwa imeegemea kushoto, fanya kinyume chake.

Ikiwa rimu imepanda, yaani imekuwa mbali na habu mahali fulani, zikaze za pande zote mbili pale pale, ili iteremke. Ikiwa imeshuka, zilegeze za pande zote mbili.

Anza na kosa lililo kubwa kuliko yote, wala usitake kulimaliza kwa mara moja. Zungusha sehemu ndogo ya mzunguko, tazama, kisha endelea. Spoku ulizolegeza zisiachwe na sauti ya kufa. Haraka haraka haina baraka, na hapa ndipo methali hii ina kazi yake.

Lakini pana mpaka wake. Rimu iliyobonyea kwa kugongwa na jiwe haitanyooka kwa spoku. Mwenye kuilazimisha huishia na spoku tatu zilizokaza kama chuma kimoja na nyingine tatu zisizofanya kazi, na gurudumu la namna hiyo lina sura nzuri lakini halina nguvu. Rimu hiyo ibadilishwe.

MAKOSA TUNAYOYAONA MARA KWA MARA

Kosa la kwanza ni kukaza kupita kiasi. Mtu akisikia kwamba spoku zimelegea, hutia nguvu zake zote. Spoku iliyokazwa mno haina nafasi ya kunesa. Jiwe la kwanza huikata, au nati hung'oka kutoka kwenye rimu, au tundu lake hupasuka. Iliyokaza mno na iliyolegea mno, zote mwisho wake ni mmoja.

Kosa la pili ni kulazimisha nati iliyoshikwa na kutu. Ukizungusha na kuona spoku yenyewe inajipinda pamoja na nati, simama hapo. Tia mafuta, ungoje mpaka kesho, kisha ujaribu kuilegeza kidogo kabla ya kuikaza. Ikikataa kabisa, hiyo ni kazi ya fundi.

Kosa la tatu ni kusahau ncha za ndani. Nati ikizungushwa sana, ncha ya spoku huweza kutokeza upande wa tairi na kuuchoma mpira wa ndani. Ukiona kwamba nati imehitaji zaidi ya mizunguko miwili mizima, toa tairi, uzisawazishe ncha kwa tupa, na uhakikishe kwamba utepe unaofunika nati ndani ya rimu ni mzima.

Kosa la nne ni kukaza mara moja na kuona kwamba kazi imekwisha kwa mwaka mzima. Spoku zilizokazwa leo hujiweka mahali pake zinapoanza kubeba mzigo, na huweza kulegea tena. Zipime baada ya safari ya kwanza.

SPOKU IKIKATIKA

Ikikatika moja njiani, itoe kabisa, au uifunge kwa waya au utepe kwenye jirani yake. Isiachwe ikiningʼinia, kwani yaweza kuingia kwenye mnyororo au kwenye breki. Kisha teremsha mzigo. Mpeleke mtu akaje na pikipiki nyingine, na wewe uende nyumbani polepole ukiwa peke yako. Tunajua kwamba ni vigumu kuacha gunia la karafuu chini ya mti huku jua linazama, lakini gunia hupatikana tena.

Zikiwa mbili zilizo jirani, au tatu popote pale, usipande. Isukume.

Spoku mpya iwe ya urefu na unene ule ule wa zile za zamani. Mwuza duka akisema hii itafaa tu, pima mwenyewe kwa kuilaza kando ya ile nzima. Na ikiwa zimekatika nyingi kwa muda mfupi, zilizobaki nazo zimekwisha choka. Hapo ni afadhali kubadilisha seti nzima ya gurudumu lile kuliko kungoja moja baada ya moja.

KUZIPIMA LINI

Gurudumu jipya, au lililotiwa spoku mpya: pima baada ya safari ya kwanza, na kila siku kwa siku chache za mwanzo, mpaka zitulie.

Wakati wa msimu, pikipiki inapobeba kila siku: pima kwa sauti kila asubuhi kabla ya kwenda shamba. Ni dakika mbili kwa gurudumu moja. Mara moja kwa wiki fanya kipimo chote kwa utaratibu tulioueleza.

Nje ya msimu: mara moja kwa mwezi, na kila baada ya kugonga shimo au jiwe kwa nguvu.

CHUMVI, UPEPO NA MZIGO

Sisi ni watu wa kisiwa, na hewa yetu ina chumvi. Pikipiki iliyolazwa karibu na pwani, au iliyopita kwenye maji ya bahari, ioshwe kwa maji baridi na ipanguswe. Spoku zifutwe kwa kitambaa chenye mafuta kidogo sana.

Upepo wa tairi nao ni jambo la spoku. Tairi laini huiacha rimu igonge mawe, na kila pigo huzifikia spoku. Jaza kwa kipimo cha kitabu, ukikumbuka kwamba mara nyingi kuna kipimo cha mtu mmoja na kipimo cha mzigo.

Ama kuhusu mzigo wenyewe, hakuna spoku inayoweza kumwokoa mtu asiye na kiasi. Afadhali safari mbili za gunia moja moja kuliko safari moja ya magunia mawili na abiria juu yake. Mzigo ufungwe katikati, usining'inie upande mmoja, kwani mzigo wa upande mmoja huzichosha spoku za upande ule.

MWISHO

Twapendekeza kila tawi linunue spana moja ya spoku kwa kila saizi inayotumika katika tawi hilo, zikae kwa katibu, na kila mwanachama aweze kuziazima na kuzirudisha siku hiyo hiyo. Kadhalika twapendekeza kwamba siku moja kabla ya uchumaji kuanza, wenye pikipiki wakutane chini ya mti mmoja, wazee na vijana, kila mtu agonge spoku za mwenziwe. Mtu husikia kasoro ya chombo cha mwenziwe kabla ya kusikia ya chake.

Na vijana mnaotuchukulia mizigo kwa kukodiwa, nanyi twawaomba msione haya kumwambia mwenye karafuu, "Bwana, ngoja kidogo nipime gurudumu." Mwenye karafuu atakayekasirika kwa hilo ndiye mwenye makosa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Twawatakia msimu mwema, na safari za salama za kutoka shamba.

Wenu katika Chama,
Watengenezaji wa Jarida